Rungu Hurushwa kwa Miguu

Mjomba wangu alikuwa na macho ya kupima miti. Tukipita naye korongo lolote kati ya Illasit na Rombo, hakutazama majani wala matunda. Alitazama pale shina linapozama ardhini. Akiona uvimbe alisimama, akaufukua kwa ncha ya fimbo, akauzunguka, kisha ama akaendelea na safari au akaweka jiwe la alama ili arudi baada ya mvua. Asiyemjua angedhani anatafuta mizizi ya supu. Alikuwa anatafuta rungu.

Naandika haya kwa sababu niliyojifunza kwake, na baadaye kwa vijana waliokuwa wakijiandaa kwa michezo ya Kimana, yanaanza kupotea. Marungu yenyewe hayajapotea. Yamejaa kwenye vibanda vya watalii, yamevishwa shanga na kupakwa rangi ya viatu. Wanaopungua ni watu wanaojua kwa nini rungu moja hufika na jingine huanguka njiani. Tena nimekuja kuona kwamba elimu ile inamfaa anayerusha mkuki uwanjani, na hata anayebiringisha mpira wa bouling katika ukumbi wa Nairobi. Anayetaka alama zake zipande ana maswali mawili ya kujibu: ameshika nini, na anakiachia vipi.

Kwa asiyeijua, Illasit ni mji wa mpakani, ng'ambo kidogo ya Loitokitok, katika Kaunti ya Kajiado. Ukivuka kizuizi uko Tarakea, Tanzania. Mlima Kilimanjaro uko karibu kiasi kwamba asubuhi za Januari ni Mawenzi, kile kilele chenye meno, kinachojaza mbingu, na Kibo kinaonekana kando yake kikiwa cheupe. Malori hupakia vitunguu na nyanya, Wachaga na Wakamba na Wakikuyu na Wamaasai hupatana bei kwa Kiswahili kimoja, na nje kidogo ya mji mbuzi na ng'ombe bado wana wachungaji wao. Mimi nilikuwa mmoja wa wachungaji hao.

Tulikuwa na mchezo wetu. Mifugo ikishakunywa na kulala kivulini, tuliweka mkebe mtupu wa rangi juu ya kisiki, tukahesabu hatua za mtu mzima, tukachora mstari kwa kisigino. Rungu likigusa kisiki, alama moja. Likiangusha mkebe kwa mpini, mbili. Likiupiga kwa kichwa, tatu. Aliyevuka mstari kabla rungu halijatua alipoteza zamu yake. Hatukuwa na kitabu cha sheria, wala hatukujua kwamba mahali pengi duniani wanaorusha vitu wana mstari kama ule na adhabu kama ile. Tulijua tu kwamba bila mstari mchezo unageuka ugomvi.

Tofauti ya alama mbili na tatu ndiyo iliyotufundisha mengi. Rungu halipai kama jiwe. Linapotoka mkononi linajipindua, kichwa mbele, mpini mbele, kichwa mbele tena, na likifika shabahani huwa limefikia sehemu fulani ya mzunguko wake. Ukisogeza mstari nyuma kwa hatua moja, rungu lililokuwa likipiga kwa kichwa huanza kupiga kwa mpini. Kijana mwenye akili hurekebisha kwa kusogeza vidole kidogo kwenye mpini au kwa kubadili kasi ya kiganja, mpaka kichwa kifike kwa wakati. Wengine walitupa kwa nguvu zaidi, wakitumaini.

Siku mjomba alipotukuta tukicheza, alisimama pembeni muda mrefu, mikono juu ya fimbo yake iliyokaa mabegani. Kisha akaniita.

“Ero, hilo ni la nani?”

“La kaka, mjomba.”

“Mrudishie kaka. Kesho njoo nikupime.”

Kunipima kulianza na mkono. Aliweka fimbo kutoka kiwiko changu hadi ncha ya kidole cha kati, dhiraa moja ya mwili wangu mwenyewe, akaitia mkato kwa kisu. Huo ndio ukawa urefu wa rungu langu, akaongeza upana wa kiganja kwa ajili ya mahali pa kushika. Kaka yangu alikuwa amenizidi kimo kwa kichwa kizima, kwa hiyo rungu lake lilikuwa linachelewa mkononi mwangu: mwili wangu ulikuwa umekwisha kugeuka, rungu bado liko nyuma. Mjomba hakusema hivyo kwa maneno. Alinipa marungu ya watu mbalimbali, moja baada ya jingine, akaniambia niyazungushe macho yakiwa yamefumbwa, na niseme lipi ninalolijua lilipo bila kulitazama. Sijapata kuona kipimo kizuri kuliko hicho cha kuchagua kifaa chochote cha kurusha.

Baada ya urefu ukaja uzito. Aliniambia ninyooshe mkono mbele, nishike mwisho wa mpini, na nimtajie ng'ombe wa baba kwa rangi na majina yao, taratibu, bila kuruka hata mmoja. Kifundo cha mkono kikilegea kabla ng'ombe hawajaisha, rungu hilo ni la mtu mwingine. Kikibaki kigumu na bado hujasikia uzito wowote, nalo si lako. Ni la mdogo wako.

Kuna hesabu nyuma ya jambo hilo, ambayo niliipata baadaye shuleni. Umbali wa kitu kinachorushwa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi yake. Ukiongeza kasi ya rungu kwa asilimia 10, ukiacha upepo, umbali huongezeka kwa takriban asilimia 20. Kwa hiyo rungu zito linaloupunguzia mkono kasi hata kidogo hukugharimu zaidi ya unavyodhani. Ila upande wa pili nao una mpaka. Mkono wenyewe una uzito, nao lazima uusukume pamoja na rungu. Ukipunguza uzito wa rungu kwa nusu, kasi ya mkono haiongezeki maradufu, na rungu jepesi likishatoka huvunjwa nguvu na hewa upesi. Kati ya hapo pana uzito wako. Hauko kwa jirani yako hata kama mmezaliwa mwezi mmoja.

Kisha mizani. Mjomba alilaza rungu juu ya kidole kimoja na kulisogeza hadi likatulia. Rungu la kurusha hutulia karibu na kichwa. Likitulia katikati, hilo ni gongo la kutembelea. Likitulia chini kabisa ya kichwa, mpini ni mwembamba mno kwa kichwa kile, na litajipindua ovyo. Marungu ya kuuzia watalii mengi yana kasoro hii ya pili: kichwa kikubwa cha kupendeza machoni, mpini kama mrija wa soda. Yaning'inizwe ukutani, ndiko yanakofaa.

Mti aliopenda ni oloirien, mzeituni mwitu, ambao vijinga vyake mama zetu husafishia vibuyu vya maziwa. Ni mti mgumu, mzito, wenye nyuzi zilizobanana. Kichwa cha rungu huchongwa pale shina linapokutana na mzizi, kwa sababu pale nyuzi zimesokotana kila upande na hazipasuki kwa pigo. Mpini ni shina lenyewe. Hakuna kiungo, hakuna gundi, hakuna msumari. Rungu lililochongwa kutoka ubao ulionyooka, hata liwe zuri vipi, siku moja litapasuka kufuata nyuzi zake, na likipasuka angani vipande havijui nani amesimama wapi.

Mti mbichi humdanganya mnunuzi. Una maji, na maji ni uzito utakaoondoka. Mjomba aliuchonga kwa panga mpaka ukapata umbo la jumla tu, akauacha mnene kuliko alivyotaka, kisha akauning'iniza ndani ya nyumba, juu kidogo ya moto, ambapo moshi huukausha polepole. Ukikaushwa juani hupasuka mdomo. Baada ya msimu mzima ndipo alipoushusha, akaupasha moto pale ulipopinda na kuunyoosha kwa goti, akauparuza kwa kipande cha chupa hadi ukalainika, akaupaka mafuta ya ng'ombe. Mwisho wa mpini aliacha kivimbe kidogo, kisichozidi ukucha, ili kidole cha mwisho kipate pa kuegemea na rungu lisiponyoke kabla ya wakati. Unene wa mpini aliupima kwa kunifunga ngumi: ncha za vidole zikaribie kugusa kiganja, zisikigandamize.

Nilidhani baada ya hapo nitarusha. Badala yake aliniketisha juu ya jiwe.

Zoezi lenyewe lilikuwa hivi, nami nimeshalifundisha kwa wengi tangu wakati huo. Urushe ukiwa umeketi, miguu imenyooshwa mbele, na uweke kijiti pale rungu linapotua. Kisha upige magoti, urushe, uweke kijiti. Kisha usimame bila kusogeza mguu. Kisha upige hatua moja. Kisha hatua tatu za kuongezeka kasi. Vijiti vile hujipanga ardhini mbele yako, na mkono uliorusha ni ule ule mmoja. Kile kilichoongezeka kati ya kijiti cha kwanza na cha mwisho hakikutoka begani. Kimetoka kwenye magoti, nyonga, mgongo na nyayo. Mjomba alinitembeza kutoka kijiti hadi kijiti akavionyesha kwa fimbo, asiseme neno mpaka tulipofika cha mwisho. Hapo ndipo aliposema, “Mpwa wangu, rungu hurushwa kwa miguu. Mkono ni wa kulifungulia mlango tu.”

Mpangilio wake ni huu kwa anayetumia mkono wa kulia. Mguu wa kulia husukuma ardhi, nyonga ya kulia hugeuka mbele huku bega bado liko nyuma. Kwa nukta moja mwili umejipinda, chini umetangulia na juu umebaki. Kisha mguu wa kushoto hutua na kukita, goti likiwa limenyooka karibu kabisa. Kukita huko ndiko siri ambayo wengi hawaioni. Mwili uliokuwa ukienda mbele unazuiwa ghafla chini, na mwendo ule hauna pa kwenda ila kupanda: kiuno, kifua, bega, kiwiko, kiganja, kila kimoja kikiwa na kasi kuliko cha kabla yake. Goti la kushoto likilegea, kila kitu humwagika pale.

Na mkono usiharakishe. Hili ndilo gumu kuliko yote kumfundisha kijana mwenye nguvu. Anataka mkono uanze, kwa sababu nguvu anaisikia mkononi. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Neil Roach walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wao kuhusu bega la binadamu. Walionyesha kwamba mkono unapovutwa nyuma huku mwili ukitangulia mbele, kano na misuli ya bega hunyooka na kuweka nishati, kisha huiachilia kwa mkupuo; na kwamba maumbile yanayowezesha jambo hilo yalikutana katika mwili mmoja karibu miaka milioni 2 iliyopita, kwa Homo erectus. Mifupa kamili zaidi ya jamaa hao ni ya yule kijana wa Turkana, ambaye Kamoya Kimeu alimgundua Nariokotome mwaka 1984, hapa hapa Kenya. Nikisoma hayo nilifurahi sana. Kurusha kwa nguvu na kwa shabaha ni miongoni mwa mambo ya kale kabisa ambayo mwili wetu umeumbwa kuyafanya, na mkono unaoharakisha hulinyima bega nafasi ya kujinyoosha.

Kuhusu pembe ya kuachia, wanafunzi wa fizikia huja na 45 kichwani. Nyuzi 45 zingefaa kama kitu kingetoka ardhini na kama mkono ungekuwa na kasi sawa kila upande. Rungu hutoka juu ya kichwa, na mkono wa mtu una kasi zaidi ukielekea mbele kuliko ukielekea juu. Warusha mkuki wa kimataifa huachia kati ya nyuzi 30 na 40. Mjomba hakuwa na kipimo cha nyuzi. Alituambia tulenge kilele cha mgunga fulani uliokuwa mbali, na tukisogea mbele au nyuma alibadilisha mti. Ukiwa na kitu cha kutazama angani mkono hujipangia wenyewe. Ukitazama chini, rungu huenda chini.

Alasiri upepo wa Illasit huinuka na vumbi. Ukikukabili, teremsha pembe. Ukitoka nyuma, inua kidogo na umshukuru Mungu. Ukitoka ubavuni, lenga upande unakotoka, na usiongeze nguvu, kwa kuwa nguvu ya ziada kwenye upepo wa ubavuni huharibu zaidi kuliko upepo wenyewe. Jambo la mwisho ni mkono baada ya kuachia. Uache uende. Ukatize mwili, ushuke hadi upande wa goti la kushoto. Anayeukamata mkono wake mara rungu linapotoka ameshaanza kuukamata kabla halijatoka, hata kama hajui.

Hayo yote yalikuwa elimu ya kulinda mifugo. Fisi, mbwa mwitu, na nyakati nyingine simba. Kizazi cha mjomba kilijua olamayio, uwindaji wa simba uliompa morani jina. Sheria ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini simba waliendelea kuuawa, kwa kisasi cha ng'ombe na kwa ajili ya sifa, hadi wakapungua mno katika nchi yote ya Amboseli. Menye layiok, wazee walezi wa morani, ndio waliotafuta njia ya kuutoa uwindaji huo katika mila. Kwa ushirikiano wao na shirika la Big Life, mwezi Desemba 2012 yakafanyika mashindano ya kwanza ya Olimpiki ya Wamaasai katika hifadhi ya Kimana: mbio, kuruka juu kwa mtindo wetu, mkuki na rungu. Msemo wake ulikuwa kuwinda medali, si simba. David Rudisha, ambaye miezi michache kabla yake alikuwa ameshinda mita 800 London kwa rekodi ya dunia ya dakika 1:40.91, alikuwa mlezi wa michezo hiyo. Vijana walitoka Rombo, Kuku, Mbirikani na Eselenkei, na wasichana nao walikuwa na mbio zao tangu mwanzo. Kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka miwili.

Mimi sikuwa mshindani. Nilisaidia mazoezi ya vijana wa upande wetu: nilishika utepe wa kupimia, nikaandika daftari, nikapeleka maji. Kazi hiyo ilinipa nafasi ambayo mrushaji hana, ya kumtazama kila mtu kutoka ubavuni, na kutoka ubavuni mwili hauwezi kuficha kitu.

Kulikuwa na kijana mmoja mwenye mabega ambayo watu waligeuka kuyatazama. Alichagua rungu zito kuliko yote na hakuna aliyethubutu kumbishia. Kulikuwa na mwingine mwembamba, mchungaji wa mbuzi, ambaye kila asubuhi aliyajaribu marungu yote yaliyoletwa kabla ya kulirudia lake. Daftari langu lilionyesha jambo moja wiki baada ya wiki. Yule mwenye mabega alikuwa na rusho moja refu kila siku, kisha yanayofuata yakapungua na kutawanyika kulia na kushoto. Yule mwembamba marusho yake yalikaa karibu karibu, na kila wiki kundi zima lilisogea mbele kidogo. Mashindanoni mtu huitwa mara chache tu. Anayejua rusho lake litatua wapi amemshinda anayesubiri bahati.

Tulimpa yule mwenye nguvu rungu jepesi kidogo na kumrudisha juu ya jiwe, aketi, arushe, aweke kijiti. Alikasirika, kisha akavumilia, kisha akaanza kufurahi. Nguvu zake hazikuwa tatizo hata siku moja. Zilikosa njia ya kupitia.

Wakenya tuna mfano mkubwa wa haya. Julius Yego wa Nandi alianza kwa mikuki ya kuchonga mwenyewe, akajifunza mtindo kwa kutazama video za wanariadha kama Jan Železný kwenye intaneti, kisha akapata mafunzo Finland. Agosti 2015, Beijing, alirusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya dunia katika michezo ya uwanjani. Tazameni lile rusho tena: mguu wa kushoto unakita, mkono unachelewa, na akishaachia mwili mzima unamwagika mbele hadi anaanguka kifudifudi, lakini nyuma ya mstari. Anaanguka kwa sababu hakubakiza kitu. Mwaka uliofuata alipata fedha ya Olimpiki Rio kwa mita 88.24.

Mkuki wenyewe nao una somo kuhusu kifaa. Mwaka 1984 Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki alirusha mita 104.80, na viwanja vikaanza kuwa vidogo. Mwaka 1986 kitovu cha uzito wa mkuki wa wanaume kikasogezwa mbele kwa sentimita 4, basi. Uzito ulibaki gramu 800. Kwa sentimita hizo 4 pua ya mkuki ikaanza kushuka mapema, na umbali ukapungua kwa wote. Mjomba, ambaye hakuwahi kuona mkuki wa alumini, angeelewa mara moja. Ndicho alichokuwa akikitafuta kwa kidole chake kimoja.

Siku hizi naishi Kitengela. Wenzangu wa kazini walinialika kwenye ukumbi wa bouling Nairobi, na nilipoona mipira imepangwa kwa uzito nilihisi niko nyumbani. Mipira ile hupimwa kwa ratili. Mzito kabisa unaoruhusiwa ni ratili 16, zaidi kidogo ya kilo 7. Kutoka mstari hadi pini ya kwanza ni mita 18.29, na mstari huo nao hauvukwi. Wanaume wengi walikimbilia mpira wa 16 au 15. Mhasibu wetu, mama mwenye mwili mdogo, alijaribu kadhaa, akatia kidole gumba na kukitoa, akatia na kukitoa, mpaka akapata wa ratili 10 ambao tundu lake halikumbana wala halikumlazimisha kukunja kidole ili usimponyoke. Hilo la kidole gumba ndilo kubwa katika bouling. Gumba hutakiwa kutoka kwanza, na vidole viwili vibaki nukta moja kuupa mpira mzunguko. Tundu likibana, gumba huchelewa na mpira huanguka kwa kishindo. Likiwa pana, mkono hukaza, na mkono uliokaza hauwezi kubembea.

Mhasibu aliacha mpira ubembee kwa uzito wake mwenyewe, bega likiwa limetulia, akatazama ile mishale iliyochorwa kwenye mbao karibu na mstari badala ya pini zilizo mbali, na mkono wake ukaishia juu mbele ya uso. Hapo mguu wa mbele hutofautiana na wetu: haukiti, huteleza na kusimama taratibu, kwa sababu kinachotafutwa ni unyoofu kuliko kasi. Sehemu kubwa ya njia ile hupakwa mafuta, na mpira uliotupwa kwa fujo hauna pa kushikilia. Alituzidi wote, na zile pini moja moja zilizobaki baada ya mpira wa kwanza ndizo zilizomjengea alama, kwani hakuziacha.

Sasa nawaambia walimu wa michezo wa Loitokitok, Rombo na Kimana, na wazazi pia. Shule niliyosoma haikuruhusu rungu kuvuka lango, na naelewa sababu, kwa kuwa rungu ni silaha na limeua watu. Lakini mkuki nao ni silaha, na unarushwa shuleni kwa utaratibu: gramu 800 kwa wanaume, 700 kwa wavulana walio chini ya miaka 18, 600 kwa wanawake, 500 kwa wasichana wa umri huo. Rungu lipewe heshima hiyo hiyo. Pimeni marungu kwenye mizani ya dukani, andikeni uzito kwenye mpini, na mwacheni kila mtoto, wa kiume na wa kike, ajaribu mpaka apate lake. Choreni mstari mmoja. Asisimame mtu mbele yake. Warushe wote, kisha waende pamoja kuokota. Anzeni na mtoto akiwa ameketi chini. Na kwenye uzio wa shule pandeni oloirien sasa hivi, maana hukua polepole, na wanaokata kwenye korongo ni wengi kuliko wanaopanda.